Alama ya Sikio la Kushoto

Kakuma, 11 Februari 2024

Mdogo wangu Ereng,

Ejok, hujambo? Huku ni ejok, kama unataka jibu la haraka la kwenye simu. Jibu lenyewe ni refu, ndiyo maana nimeshika kalamu. Ukipigiwa simu wewe uko mkutanoni, sijui mkutano gani huo usiokwisha, halafu Mama anabaki ameishika ile simu na hakuna mtu ndani. Barua angalau anasomewa mpaka mwisho, na akitaka anasomewa tena.

Mama hajambo. Jicho moja limekwisha kabisa, la pili linaona mwanga tu. Asubuhi anawapapasa mbuzi masikio, mmoja mmoja, anamwita kila mmoja jina lake, na hajakosea hata siku moja. Watoto wangu wako shule. Baba yao bado yuko Lokori na duka lake, anakuja akikumbuka. Mto Tarach ni mchanga mtupu, tunachimba na kuchimba ndipo tupate maji ya kunywesha mbuzi.

Sasa neno langu. Chifu alitangaza kanisani kwamba mwezi wa tano ng'ombe watachanjwa huku kwetu, na Uganda, na Sudan Kusini, na Ethiopia, wote kwa wakati mmoja, na kwamba mpango huo unatoka ofisi ya Lodwar. Nikajua ni ofisi yako. Watu wakanigeukia, nikajisikia mkubwa, nisikufiche.

Ereng, hao wachanjaji watashika kichwa cha kila ng'ombe kutoka hapa hadi Kotido, Uganda. Ndugu yetu Lokaale alivuka mpaka wa Oropoi na ng'ombe wote wa Baba ule ukame mkubwa, simu yake ikazima, na tangu hapo hata salamu hatujapata. Chombo chake cha maziwa, kile cha mti, Mama bado anakipaka mafuta kisipasuke. Waambie wenzako wa Uganda watafute alama yetu ya sikioni. Alama unaijua.

Mpe dereva wenu Wekesa jibu akirudi na gari lenu. Nimemkaribisha chai, amekunywa birika zima.

Dada yako,
Atiir


Lodwar, 3 Machi 2024

Kwa Dada Atiir,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama na kwa watoto. Mimi ni mzima. Lodwar joto ni lile lile, mabati ya chumba changu yanalia mchana kutwa. Nakula hotelini peke yangu, nikirudi natandika godoro nje uani kwa majirani nisiowajua majina.

Ni kweli mpango ni wetu. Umeanza kwa sababu ugonjwa wa mapafu ya ng'ombe haujui mpaka. Tukichanja upande huu peke yetu, ng'ombe wanavuka kutafuta nyasi na kurudi nao. Kwa hiyo nchi zote nne zimekubaliana kusaidiana. Sisi tumewapa wenzetu friji za sola za kuhifadhia chanjo. Uganda wametuletea daktari wa mifugo anaitwa Longor, anatufundisha kuchanja mazizi yanayohamahama. Ni Mkaramojong. Tukiongea, yeye kwa lugha yake na mimi kwa Kiturkana, tunaelewana vizuri sana, ila anacheka maneno yangu, anasema naongea kama mtu aliyejifunza shuleni.

Habari ya Lokaale nimeisikia. Nitawaambia.

Pasaka nilitaka kuja lakini kuna mafunzo. Mwambie Mama asivunjike moyo.

Nduguyo,
Ereng


Kakuma, 7 Aprili 2024

Ereng,

Ejok. Kristo amefufuka, na wewe hukuonekana.

Mama alikuwekea nyama. Nikamwambia Ereng hakuja, ana mafunzo. Akasema, basi ni njaa gani hiyo ya kufunzwa, tangu akiwa mtoto anafunzwa tu. Tukacheka wote, na nyama ikaliwa na watoto siku ya pili. Wewe ndugu yangu, ni barabara ya lami kutoka hapo hadi hapa. Mtu akitoka asubuhi anafika chai haijapoa. Sielewi ni nini kinakushika, na usiniambie kazi.

Umesema utawaambia. Umewaambia? Hujaniandikia wamejibu nini. Mama anauliza kila gari likipita. Hataki ng'ombe, anataka mtu, lakini mtu hana alama, ng'ombe ndio wenye alama. Nijibu hilo moja.

Atiir


Lodwar, 28 Aprili 2024

Dada yangu mpendwa,

Natumaini mmepata mvua kidogo, hapa imenyesha Jumanne na mto Turkwel ukashuka na magogo. Msalimie Mama sana. Mwambie nimekonda kidogo ili apate cha kunilaumu.

Leo nina habari nzuri. Wiki iliyopita wataalamu wote wa nchi nne walikutana hapa Lodwar. Walitaka alama moja ya kumjulisha ng'ombe aliyechanjwa, ili akivuka mpaka asichanjwe mara mbili na dawa ikapotea bure. Hereni za plastiki zinanyofoka vichakani, rangi inatoka. Gai, daktari wa Sudan Kusini, akasema tukate sikio kidogo. Nikasimama, dada, mimi mdogo wa wote, nikawaeleza kwamba kwetu kila familia ina mkato wake wa sikio, na mtu anaweza kupigana kwa ajili yake, kwa hiyo tuchague mkato usio wa mtu. Wakanisikiliza! Wakachora ubaoni pembetatu ndogo, upande wa chini wa sikio la kushoto. Wakaniuliza, wewe ndiye Mturkana pekee hapa, kuna familia yenye mkato huu? Nikasema hakuna. Wakanipigia makofi na mkuu wetu akanishika mkono.

Kuhusu Lokaale, nimemwambia Longor. Amesema wakiona alama yetu atanijulisha.

Wekesa ametumwa Lokichar kwanza, sijui barua hii itakufikia lini.

Ereng


Kakuma, 2 Juni 2024

Ereng,

Utasamehe mwandiko.

Wachanjaji walikuja, walifanya kazi vizuri, watu wamewashukuru. Walikata masikio. Mimi nilikuwa sokoni, sikuona. Wiki moja ikapita. Juzi jioni ng'ombe wa jirani yetu Nabei akapita mlangoni. Mama alikuwa ameketi pale pake. Akanyoosha mkono, unamjua, hakuna mnyama anayempita hajamshika. Akashika sikio la kushoto. Akalishika tena kwa mikono miwili, akipitisha kidole kwenye ule mkato.

Halafu akapiga vigelegele. Ereng, Mama! Tangu tumzike Baba sijasikia sauti ile. Akaita, "Lokaale! Lokaale amerudi!" Akaniambia niharakishe chombo cha maziwa. Akasimama bila fimbo, akatembea uani akipapasa hewa, akiuliza, yuko wapi, mbona haingii, anaona haya gani huyu mtoto. Nabei alikuja kumchukua ng'ombe wake na Mama hakumwachilia shingo. Ilibidi nimtoe vidole kimoja kimoja. Nabei alilia, mimi nililia, majirani wakaja wakadhani kuna msiba.

Ile ni alama ya Baba. Pembetatu ya chini, sikio la kushoto. Sasa ng'ombe wote wa Kakuma ni wa Baba. Nani aliwaambia wakate hivyo? Nilitaka kukuuliza, wenzako walimtoa wapi huyo mjinga.

Baadaye. Wekesa amefika sasa hivi na barua yako ya Aprili. Nimeisoma nikiwa nimesimama. Nimeisoma tena. Mama ameuliza Ereng anasemaje, nikamwambia anakusalimu, amekonda.

Uliwaambia alama gani, Ereng?

Atiir


Lodwar, 30 Juni 2024

Dada Atiir,

Salamu. Natumaini nyote hamjambo. Hapa kazi ni nyingi, tunafunga hesabu za awamu ya kwanza. Nimempa Wekesa sukari, majani ya chai na khanga ya Mama.

Nitaandika nikipata nafasi.

Ereng


Kakuma, 14 Julai 2024

Ereng,

Sukari nimepokea. Khanga Mama ameivaa, imempendeza. Jibu sijapokea.

Usifikiri nimekasirika tu. Nimekasirika, ndiyo, lakini zaidi niko peke yangu na jambo hili na sina wa kumwambia. Siwezi kumwambia Mama kwamba mwanawe aliyesoma aliulizwa mbele ya watu alama ya baba yake ni ya nani, akasema si ya mtu.

Na sikiliza kinachoendelea huku. Wafanyabiashara wa mbuzi wanapita wakitoka Oropoi, Mama anawaita, anawauliza, mmeona pembetatu ya chini, kushoto? Wanamwambia, mama, tumeiona kila mahali. Kotido iko, Moroto iko, mmoja amesema hata Kapoeta, Sudan Kusini. Wanasema kweli, masikini. Na Mama anacheka peke yake hapo mlangoni. Anasema Lokaale amekuwa tajiri, ng'ombe wamejaza nchi za watu, ndiyo maana amechelewa, nani atakusanya ng'ombe wote hao haraka. Ameanza kula vizuri. Ameanza kuimba ule wimbo wa dume la Baba.

Niambie nifanye nini. Nimwambie ukweli nimuue, au nimwache aimbe?

Zamani tulikuwa na njia moja ya kumpata ndugu yetu. Sasa hata angepita hapa na zizi lake zima, tungesema hao ni wa chanjo.

Dada yako, bado ni dada yako,
Atiir


Lodwar, 25 Agosti 2024

Dada,

Usimsomee Mama hii.

Sikuijua. Ndiyo jibu lako. Baba alinipeleka mimi bweni nikiwa mdogo, ng'ombe akampa Lokaale. Nikirudi likizo, ng'ombe wako malishoni mbali, naonyeshwa mbuzi wawili wa nyumbani na sahani ya chakula. Uliponiandikia "alama unaijua" niliona haya. Mtu hawezi kumuuliza dada yake sikio la ng'ombe wa baba yake. Nilimwambia Longor nina ndugu aliyevuka, akaniuliza alama ni ipi, nikasema nitakuletea. Pale ubaoni walipochora, haikunigusa popote. Nilitafuta kichwani, nikakuta hamna kitu, nikadhani hamna maana yake hakuna. Ndiyo sababu pia siji nyumbani. Nikifika watu wananiuliza mambo ya mifugo na mimi natabasamu tu.

Lakini si hilo tu lililoniweka kimya. Wiki hii tulikutana tena kutathmini kazi. Longor alisimama akaeleza hitilafu moja, apate kutufundisha. Alisema mwezi wa sita timu yake ya Uganda ilifika zizi moja mbele ya Kotido. Kulikuwa na mtu mmoja, Mturkana, peke yake na ng'ombe wachache. Timu ikaona masikio, pembetatu, kushoto. Wakasema hawa wameshachanjwa Kenya, tuendelee. Yule mtu akawafuata. Akawaambia hapana, hawa hawajaguswa na sindano, masikio haya nimekata mimi kwa mkato wa baba yangu. Wakamcheka. Wakasema wewe unataka dawa mara mbili, ya wenzako itatoka wapi? Aliwafuata mpaka kwenye gari, akashika mlango. Wakaondoka.

Mwezi huu Longor alipita tena. Ugonjwa ulikuwa umefika. Mazizi yote jirani yalikuwa salama, ng'ombe wanapumua vizuri. La yule mtu lilikuwa mifupa, na mwenyewe hayupo.

Kila mtu mezani akaandika. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, Atiir, na sikuweza kukiweka chini wala kukinywa. Jina la yule mtu hawakumuuliza. Mimi sikuhitaji kuambiwa.

Sijui amekwenda wapi. Sijui kama yuko hai. Nilimwambia Longor ukweli baada ya mkutano, tukiwa nje. Alikaa chini pale pale kwenye changarawe na suruali yake ya ofisi. Tangu siku hiyo anakuja kula nami hotelini.

Sasa umejua. Nichukie tu, nastahili kuchukiwa.

Ereng


Kakuma, 13 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Barua yako niliiweka kifuani muda wote huu. Sikukujibu kwa sababu kila nilipoanza niliandika matusi, na karatasi siku hizi ni ghali. Tuyaache.

Lokaale amekuja.

Alikuja mchana, jua likiwa kichwani, kwa miguu, akimvuta mtamba mmoja kwa kamba. Mmoja, Ereng. Sikumtambua mpaka alipotema mate pembeni namna yake ile. Mashavu yamezama. Alisimama pale kwenye miiba ya ua hataki kuingia. Nilikwenda kumshika mkono, akaniambia kwa sauti ya chini, nisiseme kwa Mama kwamba ni yeye, anataka tu kuacha huyu mtamba hapa halafu aende zake. Mwanamume atarudije nyumbani na ng'ombe mmoja?

Lakini Mama alishasikia kwato. Akanyoosha mkono, na yule mtamba, Mungu ni mkubwa, akaenda mwenyewe. Mama akashika sikio la kushoto. Mimi nikasema moyoni, atasema ni wa chanjo, maana nilikuwa nimemzoesha sasa, kila ng'ombe wa majirani akipita namwambia, Mama, huyo ni wa chanjo, wa Lokaale wako mbali. Akalipapasa polepole. Akasema, "Huyu amekatwa na mtu aliyefundishwa na mume wangu." Halafu akasema, "Lokaale, ingia, kuna jua."

Akaingia. Mama akamuuliza, wengine uliwaacha wapi? Nilifumba macho. Lokaale akajibu, "Nimewaacha kwa majirani, Mama." Mama akasema ni vizuri, alama yao iko kila mahali, hawawezi kupotea. Akampa maziwa ya mbuzi kwenye chombo chake. Aliyanywa akiwa amegeukia ukuta.

Sasa yuko hapa. Analala nje karibu na mtamba wake, anamlinda hata dhidi ya watoto. Jioni moja tu aliniuliza, "Ereng yuko na wale watu wa sindano, siyo? Mwambie aniulizie, nani aliwapa mkato wa Baba?" Hakuuliza kwa hasira. Angeuliza kwa hasira ningeweza kuvumilia.

Sijamwambia. Sitamwambia. Hilo si la kuandikwa na dada wala kupelekwa na Wekesa. Nimekaa na siri ninayomficha Mama, na siri yako, na siri ya Lokaale, na sina mtu wa kukaa na yangu. Nimechoka, Ereng. Njoo.

Atiir


Lodwar, 25 Novemba 2024

Dada yangu Atiir,

Ejok nooi, kwema sana. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nasubiri mkutano wa mwisho wa mwaka, na niliogopa.

Nilisimama. Wote wanne walikuwepo, Uganda, Sudan Kusini, Ethiopia na sisi. Nikawaambia alama ile ina mwenyewe, ni ya baba yangu, na mtu wa zizi la Kotido ni ndugu yangu wa tumbo moja, na aliyewaambia haina mwenyewe ni mimi. Hakuna aliyepiga makofi. Gai alizunguka meza akaja kukaa karibu nami. Wamekubali kuiacha. Mwakani watatafuta nyingine, na kabla ya kuipitisha watazunguka mazizini pande zote kuwauliza wenye mifugo, si kumuuliza mtu aliyeketi mezani. Kazi yenyewe itaendelea na inafaa iendelee. Ng'ombe wa watu wamepona, nchi nne. Nafurahi kwa ajili yao na nikirudi chumbani nalia.

Hao waliokatwa watazeeka, watauzwa, watachinjwa, watakwisha. Alama itarudi kwetu peke yetu. Itakuwa na ng'ombe mmoja.

Nakuja Jumamosi. Longor ameomba tuje wote, sikuweza kumkatalia. Tutakuwa na kasha la barafu, ndani kuna chupa moja ya chanjo. Mwambie Lokaale asiondoke na asimhamishe mtamba, mwambie tu Ereng anakuja, mengine nitamwambia mwenyewe kwa mdomo wangu, anifanye atakavyo. Na Mama, kama atakubali, anishike kidole changu akipitishe kwenye lile sikio mpaka nilijue.

Tukishamchanja huyo mtamba hatutamkata. Ana alama yake.

Nduguyo,
Ereng